Patipati za Kushikia Friza

Shangazi,

Walisema ni moyo. Lado mwenye nyumba alisema hivyo, mtu wa zahanati akaandika hivyo bila kuuliza swali, na mchungaji akakuombea kwa neno hilo hilo tulipokuzika Kitale. Lakini mimi ndiye niliyekuvisha. Niliiona alama nyeusi kwenye kiganja chako cha kulia, ndogo kama mbegu ya papai. Moyo hauachi alama kiganjani.

Nimerudi Juba na alama hiyo kichwani. Chumba chetu cha Hai Malakal kiko vile vile, na shuka lako bado sijalifua. Friza yako bado iko barazani. Nilimwachia Mama Sanyu, Mganda wa chumba cha tatu, aiangalie nilipokusindikiza nyumbani, nikarudi nikamkuta anauza maji baridi na soda kwa wateja wako, anawaita kwa majina uliyowapa wewe. Chini ya friza, patipati zako za bluu, zile ndala za mpira.

Nimekuwa mtu wa kushuku, Shangazi. Ukiniona hutanipenda. Mtu akinipa pole, natazama macho yake kwanza.

Unakumbuka patipati zile zilivyoanza? Ulikuwa ukiifungua friza miguu mitupu, inakung'ata kidogo, na papo hapo stima inapotea ua mzima. Redio kimya, feni kimya, majirani wanautukana mji kwa kukata stima. Lado anatoka amevaa singlendi yake tu kwenda kuinua swichi kwenye sanduku la pale langoni. Kisha ukagundua kwamba ukivaa patipati, friza haiumi na stima haipotei. Ulifurahi kama umevumbua dawa. "Friza hii ina hasira za mama mkwe," ukasema, "lazima uiendee na viatu." Na mimi nikisahau, unapiga kelele kutoka jikoni: "Vaa kwanza, wewe msomi!" Tuliyacheka hayo. Wote tuliyacheka.

Siku ile nilikuwa kazini, nafundisha. Mvua ilikuwa imenyesha. Walikukuta barazani miguu mitupu, mkono chini ya mpini wa friza. Na patipati zilikuwa wapi? Miguuni mwa Mama Sanyu, anatoka chooni.

Nilimchukia. Naandika hivi ili usisikie kwa mwingine. Nilimuuliza zile patipati alizichukua kwa nini, na jibu lilikuwa moja kila mara: "Mvua ilikuwa mingi, nyabo. Mimi nilivaa tu, niende nirudi." Hakubadilisha hata neno, nami nikazidi kumshuku. Mwongo mzoefu hasahau maneno yake.

Kisha nikamgeukia Lado. Nilipomwambia kuhusu alama, hakubishana. Aliwaita wapangaji wote langoni, akafungua sanduku, akaonyesha kile kifaa cheupe cha kukata stima inapovuja, chenye kitufe kidogo cha kujaribia. Akakibonyeza. Tak! Ua mzima kimya. "Umeona, mwalimu? Kahraba kwes, mafi muskila. Stima nzuri, hakuna shida. Shangazi yako alikuwa mgonjwa wa moyo." Watu wakatikisa vichwa, wakaniangalia kama mtoto anayekataa kutolewa mwiba.

Lakini tak ile ilinifuata chumbani. Niliijua. Ni ile ile tuliyokuwa tunaisikia langoni kila friza ilipokung'ata. Kwa hiyo haikuwa stima ya mji iliyokuwa ikipotea. Kilikuwa kifaa kile, kimeona stima inapita mwilini mwako kwenda chini, kikaikata kabla haijakumaliza. Kilikuwa kinatuambia friza ni mbovu. Nasi tukatafuta patipati ili kinyamaze.

Basi kwa nini siku ile hakikukata? Nilimshuku Lado kwamba amekibadilisha. Nilimshuku fundi aliyeunga nyaya za ua. Nilikushuku hata wewe, kwamba ulikuwa mgonjwa kweli na hukuniambia.

Jibu lilitoka kwa yule niliyemchukia. Tuligombana tena kuhusu patipati, naye akalia: "Nyabo, jenereta ilikuwa inapiga kelele, hakuna mtu alisikia yeye akianguka!"

Jenereta. Lado alipobonyeza kitufe mbele yetu, tulikuwa tunatumia stima ya mji. Wewe ulikufa jenereta ikinguruma.

Nilingoja. Jumamosi mchana stima ya mji ikaenda, Lado akawasha jenereta, feni zikaanza kuzunguka. Nikaenda langoni, nikafungua sanduku, nikabonyeza. Hakuna tak. Nikabonyeza hadi kidole kikauma. Redio ya jirani iliendelea kuimba.

"Wacha," Lado akasema nyuma yangu. "Utaharibu."

Nikageuka. Mama Sanyu alikuwa barazani, ametoka kufua, miguu mitupu, maji yanamtiririka hadi viwikoni. Mtu wa boda alitaka maji baridi. Mkono wake ulikuwa unaufuata mpini.

Shangazi, hata leo sijui sauti ile niliitoa wapi. "Mama Sanyu! Usiguse!" Alisimama kama amemwagiwa barafu. Nilikimbia, nikachomoa plagi ukutani, nikakaa chini kwenye matope. Yule wa boda akauliza, "Huyu dada ana nini?" Mama Sanyu aliurudisha mkono. Alitazama miguu yake.

Fundi niliyemleta mwenyewe alifungua kila kitu mbele ya watu. Waya wa jenereta ulikuwa umeungwa nyuma ya kifaa. Stima ya mji ilipita kwenye kifaa, ya jenereta haikupita. Ni kama askari kuwekwa lango la mbele huku mlango wa uani uko wazi. Nyuma ya friza, waya ulikuwa umesuguliwa na mota hadi ukabaki mtupu, unagusa bati. Lado anasema hakujua, fundi wa zamani alimwambia ni sawa. Labda. Ila sijasahau alivyosema "Wacha."

Sasa jenereta nayo inapita kwenye kifaa, na friza imetengenezwa na kufungwa waya wa kwenda ardhini. Mimi nabonyeza kitufe kwa stima ya mji na kwa jenereta pia, bila kumwambia mtu lini. Wananitukana. Wameniita Mwalimu wa Giza. Tak, kimya, kisha matusi kutoka kila dirisha, na mimi langoni nalia kwa furaha. Kimya kile ndicho ulichokosa.

Mama Sanyu aliosha patipati zako, akazifunga kwenye gazeti, akaniletea kwa mikono miwili. Nilizipokea. Bado nikimwona natazama miguu yake kwanza. Nipe muda.

Lala, Shangazi. Sitakusumbua tena kwa maswali. Nakuahidi hivi: kitu kikiniuma, sitatafuta viatu. Nitakizima kwanza, halafu nimtafute aliyesema ni salama.

Msomi wako.