Maneno ya jiwe la Hester

Clem, nimejiaibisha kanisani. Mbele ya watu wote!

Kasisi Prideaux alituita tusikie habari za lile shairi lililochongwa ukutani, la yule kasisi wa miaka mia nne iliyopita aliyefiwa na mke. Unalijua. Anamwita Mungu mwizi, anataka arudishiwe mkewe.

Prideaux machozi yanamlengalenga. "Hapa falsafa na imani zinashikana mashati!" Watu wakapiga makofi.

Mwizi, Clem! Na mimi Prideaux huyohuyo alinikatalia maneno ya jiwe la kaburi la mke wangu Hester. "Mungu, umemchukua Hester. Nikija tutaongea." Eti yanamvunjia Mungu heshima.

Nikasimama. "Huyu wa ukutani kibali alipewa na nani?"

"Bwana Thwaite, ile ni imani inayohoji."

"Na yangu?"

"Yako ni hasira."

Yangu ni hasira! Kumbe ukiwa umesoma, hasira inaitwa imani.

Hapo Enid, yule anayepamba maua, akapaza sauti: "Vumilia, Wilf. Baada ya miaka mia nne watakupigia makofi!"

Kanisa zima likacheka. Hata mimi nilicheka.

Nikatoka, nikapita kwa Hester. Jiwe bado tupu.

Clem, ile patasi yako bado unayo?