Nyumba ya Musaga Tumeiacha, Mwajuma

Mwajuma,

Umenikosea. Sikuanzii na salamu, salamu utazikuta huko chini nikishapoa. Mutu anayekufa anaomba radhi, anaomba dua, anaagiza watoto wasigombane. We ukamushika Zaituni mukono, ukamuapisha: kabla mwaka wa musiba haujaisha, awe amenunua nyumba. Hata ya chumba kimoja, ukasema, hata ya kuezeka kwa mabati ya kuokota, ilimradi iwe yetu. Mutoto analia, mama yake anakata roho, angesema apana vipi? Akaapa. Nawe ukafumba macho, ukatuachia vita, ukatuachia kodi, na kiapo juu yake. Mi nilikuwa pale pembeni nimeshika bakuli la uji, nikanyamaza, kwa sababu mutu hagombezwi akiwa katika hali ile. Sasa umetulia. Sasa nakugombeza.

Ningekuja kukuambia makaburini, lakini njia ya kule imefungwa, askari wanarudisha watu. Na kusema peke yangu uani sitaki, wapangaji wenzetu watadhani nimeingiwa na wazimu. Kwa hiyo naandika. Madrasa nilisoma, shule ya masista nilionja tu, herufi zangu kubwa kama za mutoto unazijua. Vumilia.

Ninajua kwa nini ulimuapisha. Umekulia nyumba za watu. Kila tulipohamia, kitu cha kwanza mwenye nyumba alichosema ni "musipigilie musumari ukutani." Tukatundika nguo kwenye kamba, kutoka dirisha mpaka mulango, na we ukilala chini yake unaangalia kanga zangu zinaning'inia. Siku moja, bado mudogo, ukaniambia: "Mama, mi nikipata nyumba yangu nitapigilia misumari mpaka ukuta ulie." Nilicheka nikakupiga kofi la mapenzi. Sikucheka tena nilipokumbuka maneno hayo, maana ulifika ukubwani, ukauza vitenge pale soko ya Jabe mpaka mugongo ukakuuma, na musumari hukupigilia hata mumoja.

Lakini kitu kimoja hukukiona. Siku ya pili ya matanga yako, tumekaa kwenye mikeka, mwenye nyumba akaja. Hakuvua viatu. Akasema wapangaji wengine wanakosa pa kupita, sufuria zetu zimejaa jikoni, basi tumalize. Tumalize, Mwajuma! Kama vile tulikuwa tunafua nguo. Wanawake wakakunja mikeka bila kuniangalia usoni, na mi mama yako nikamaliza kukulilia kwenye baraza ya jirani. Hapo na mi niliapa, kimoyomoyo, bila kumushika mutu mukono: mi nikifa sitatolewa kwa mulango wa kupanga.

Nakuambia haya ujue kwamba nyumba nilikuwa naitaka kuliko nyinyi wote. Usije ukasema mama alikuwa anazuia kwa sababu ya uzee.

Zaituni ameshika kibanda chako. Anajua kuuza, mudomo wake ni ule ule wako. Lakini kwa kununua nyumba alikuwa kama mutu anayefukuzwa na mbwa. Kwanza alinipeleka Kibenga, karibu na ziwa. Nyumba nzuri, upepo muzuri, mutoto ameshapenda, anasema wazi mbele ya muuzaji, "Bibi, si nzuri?" Nikamufinya. Hata kanga husifii mbele ya mwenye kuuza, sembuse nyumba. Nikaangalia ukuta: chokaa mbichi, lakini chini tu, mpaka magotini. Juu chokaa ya zamani. Mutu anapaka nusu ya ukuta kwa nini? Kwa sababu nusu hiyo inaoga kila masika. Nikaaga.

Halafu ikaja hii ya Musaga.

Bei yake ilikuwa ya kutia shaka, lakini vita imeshusha bei za nyumba zote, kwa hiyo shaka yenyewe haikuwa na nguvu. Vyumba vizuri, uwanja, jiko la nje lenye paa lake. Muuzaji ni bwana mumoja mwenye miwani ya jua, havui hata ndani ya chumba. Alisema nyumba ameirithi kwa kaka yake. Alisema kuna mutu mwingine anakuja Ijumaa na pesa mukononi. Zaituni akanivuta kanga. Nikamuambia pembeni: mama yako alipokuwa anasema kitenge kimebaki kimoja, vingine vilikuwa wapi? Akajibu, "Chini ya meza." Basi.

Na mi, Mwajuma, niliposimama kwenye ule uwanja nilishaona wanawake wanakaa wapi na mikeka yao. Nilishachagua jeneza langu litapita mulango gani. Mutu gani anatazama nyumba namna hiyo? Mutu aliyefukuzwa kwenye matanga ya mutoto wake.

Lakini nikasema: mi sinunui nyumba ambayo sijapika ndani yake. Zaituni atabeba mbabula, lile jiko letu la makaa, na mi nitaleta sufuria na maharagwe. Yule bwana akacheka mpaka miwani ikateleza. "Bibi, watu wanatazama nyumba kwa macho, we unatazama kwa sufuria?" Nikamujibu macho yangu yamechoka, sufuria yangu bado. Akasema, "Hakuna problème, bibi, pika hata pilau." Kesho yake akatufungulia mulango, akaenda zake mujini, anadhani amepata kizee cha muchezo.

Mutu akija kutazama nyumba kidogo tu, nyumba inajikaza, kama bi harusi mbele ya mawifi. Lakini maharagwe hayana haraka. Mpaka yaive, nyumba imechoka kujificha. Unajua maji yanatoka au bomba ni la mapambo. Unajua choo ni chako au cha mutaa muzima. Na jirani lazima aje kuchungulia, na jirani ndiye unayemununua kweli, ukuta ni ziada.

Sufuria iko motoni, mvua ikanyesha. Maji yakashuka kutoka njia ya juu, yakaingia kwa mulango wa nyuma, yakapita chumba cha kwanza kama yamealikwa. Zaituni akashika kichwa. Nikamuambia aache, hiyo ni kazi ya jembe, tutachimba mufereji. Bati likavuja kwenye pembe, nikasema fundi atapanda. Kitu ambacho jembe na fundi wanaweza, hakimulizi mutu. Nikaendelea kuchochea makaa, na moyo wangu unaanza kusema ndiyo.

Harufu ilikuwa imeshaenea nikasikia miguu inakimbia kwenye matope. Mwanamuke akaingia uani, kitenge chake nusu kimefunguka, anacheka, anaita: "Mama Josiane! Mama Josiane we, umerudi lini?"

Akaniona.

Sijawahi kuona uso unazimika namna ile. Alisimama na mikono imefunguliwa, mikono ya kukumbatia, hajui aiweke wapi. Akasema, "Munisamehe, mama. Nimeona moshi kwenye jiko lake."

Nikamuambia akae, atakula na sisi. Huyo anaitwa Mama Deo, jirani wa ukuta wa chini, Mukristo, mikono yake ya mutu wa kazi. Alichungulia kwanza kama yule bwana yuko. Halafu akasema, polepole. Mama Josiane ndiye mwenye nyumba. Risasi zilipoingia mutaani mume wake aliuawa, yeye akakimbia na watoto, na akiwa mulangoni akamupa Mama Deo ufunguo: "Nichungie, ninarudi." Yuko hai, kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Wanawake wanaofanya biashara kule humuletea Mama Deo salamu zake, na kila mara anauliza kama jiko bado limesimama. Yule bwana alikuja baadaye, akavunja kufuli, akaweka makaa ya kuuza vyumbani, hakuwahi kupika. Kaka wa marehemu? Mama Deo akasonya. "Marehemu alizaliwa peke yake."

Halafu akafungua pindo la kitenge akatuonyesha ufunguo. "Ninao mpaka leo, mama. Kufuli ndiyo aliyobadilisha."

Nilimupa bakuli akaondoka nalo kwa upande wa ua, asionekane. Muuzaji akarudi, amefurahi. "Haya bibi, nyumba imefaulu?" Nikamujibu: nyumba imefaulu, we ndiyo umeanguka. Mwenyewe yuko hai. Akauliza nani ameniambia. Nikasema moshi. Mama Deo sikumutaja, na we usimutaje huko uliko. Hapo akavua miwani, mara ya kwanza. "Bibi, hii ni vita. Aliyekimbia amekimbia. Chunga mudomo wako." Nikamuambia mudomo huu nimeuchunga maisha yangu yote mbele ya wenye nyumba, leo umechoka. Nikabeba sufuria yangu ya moto kichwani, Zaituni akabeba mbabula, tukatoka.

Njiani mutoto akanigeukia. Hajawahi kunipandishia sauti, siku hiyo alipandisha. "Bibi, tusiponunua sisi atanunua mwingine. Mama Josiane atakuwa ameikosa vilevile. Tofauti iko wapi?"

Tulitembea mpaka barabarani, sufuria inaniunguza. Halafu nikamuambia: tofauti ni Mama Deo na ile mikono yake ya kukumbatia. Tutahamia pale, tutapika kila siku, na kila siku mutu ataona moshi wetu ataumia. Na siku Mama Josiane akitokea barabarani na watoto wake, nitamuambia nini mulangoni? Kwamba tumalize? Mwajuma, nilishaambiwa neno hilo. Sitalisema kwa mutu.

Zaituni akakaa chini kando ya barabara, akalia kama siku ile yako. Akasema, "Na kiapo cha mama?"

Nikamuambia, mama yako nitamuandikia mi.

Ndiyo hii barua. Mwalimu wa madrasa nimemuuliza, akasema kiapo hakishiki kama kutimiza kwake ni kumudhulumu mutu. Nikamushukuru, lakini nilikuwa nimeshakataa kabla ya kumuuliza.

Sasa sikiliza tulivyopanga. Zaituni atakwenda kwa wanawake wa Kigoma, yeye mwenyewe, na habari hii akilini: Mama Josiane aambiwe nyumba yake inatembezwa kwa wanunuzi. Kama anataka kurudi, Mama Deo anamungoja. Kama anataka kuuza, aseme kwa kinywa chake, bei yake, mbele ya mutu anayemuamini, na sisi tutakuwa wa kwanza kusikiliza. Akisema siuzi, tumeelewa. Tutaendelea kutafuta, na kila nyumba nitaipikia, hata wakituita familia ya maharagwe. Mwaka wa musiba utaisha tukiwa bado kwenye chumba cha kupanga. Uishe. Nyumba ya kununua kwa kukimbia utaijutia ukiwa umekaa.

Sasa salamu. Watoto wadogo wako wazima, yule wa mwisho meno yametoka. Kanga yako ya kijani naivaa, usikasirike, wewe ndiye uliyekwenda kabla yangu bila ruhusa. Nakuombea kila swala. Kuna asubuhi naweka vikombe, naweka na chako. Nakirudisha. Basi. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Ninakuahidi mbele ya Mungu: nyumba itapatikana, na watakaoingia humo hawatakuwa na mutu wa kumukwepa macho.

Zaituni ananiambia unamujia ndotoni. Umesimama nje, hujafunika kichwa, unamuuliza: "Iko wapi?" Anaamka shingo imelowa, anakwenda sokoni bila kula, na amekonda. Hilo sikubali. Kiapo kile nimekitoa kwake nimekichukua mimi, na mi ni mama yako, deni la mutoto wako unaweza kunidai. Kwa hiyo ukitaka habari ya nyumba, njoo kwangu, uniulize mi. Zaituni mwache alale.