Nilimwambia Mume Wangu Ziwa Liko Ndani ya Duara

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba upesi, na kama utanigombeza basi nigombeze ukishanisikiliza mpaka mwisho, maana mimi ni mtu mwenye furaha aliyefanya kosa, na sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Nina miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, na niliolewa miezi sita na siku kumi na moja iliyopita, ndiyo, nazihesabu. Mume wangu ni askari. Jeshi letu limemtuma kazini nchi ya mbali, na kwa bahati ambayo bado siiamini, kambi ina nyumba chache za wenye wake, nasi tukapata moja, vyumba viwili na jiko dogo ambalo ukifungua friji huwezi kufungua mlango wa kutokea, kwa hiyo mmoja wetu akitaka maziwa mwingine hawezi kwenda kazini, na mshauri, asubuhi nyingine mimi hutaka maziwa makusudi. Kambini yeye ni askari wa kawaida asiye na hata utepe mmoja begani, lakini jikoni kwangu ni Jenerali, na huwa ananipigia saluti akiwa ameshika mwiko.

Sheria ya hapa ni kwamba askari asiye zamu anaweza kutembea anakotaka, mradi akiitwa aweze kurudi kambini ndani ya saa mbili. Siku tuliyofika, Jenerali alibandika ramani ukutani, akaweka sahani juu yake, akaizungushia kalamu nyekundu, akasema, "Mke wangu, dunia yetu ndiyo hii." Nikamwambia inanitosha. Tangu hapo kila siku yake ya mapumziko tunapanda basi la namba yoyote, hatuulizi linakwenda wapi, tunakaa tu mpaka dereva azime injini na kututazama kwenye kioo kama watu waliopotea. Tumefika mwisho wa njia kumi na moja. Mwisho wa namba nne kuna kiwanda cha milango, milango imesimamishwa uani bila nyumba, na tuliipita yote tukibisha hodi. Mwisho wa namba tisa kuna bwawa la bata na benchi lenye msumari uliomchania Jenerali suruali. Mwisho wa namba kumi na mbili hakuna kitu, ni nguzo na shamba la viazi, na hapo ndipo aliponiambia kwamba alipokuwa mafunzoni alikuwa akisomea barua zangu chooni ili wenzake wasimwone akitabasamu peke yake. Mimi sijui watu wengine huenda wapi fungate, lakini langu lilikuwa pale kwenye viazi.

Sasa nifike penye kosa. Mabasi yalituishia. Na miezi sita ya ndoa yetu ilikuwa inatimia Jumamosi, nikaona kwenye simu picha ya mji mdogo wenye ziwa, nikanunua tiketi mbili za treni bila kumwambia. Simu iliniandikia wazi kwamba safari ni ya saa tatu kasoro dakika kumi. Niliona, mshauri, siwezi kusema sikuona. Nikaenda hata kwenye ramani nikakuta ziwa liko nje ya duara kwa vidole vitatu, nikajiambia kwamba duara lenyewe limechorwa kwa sahani, na tangu lini sahani ikawa chombo cha kupimia?

Asubuhi hiyo alirudi kutoka lindoni macho mekundu kwa usingizi.

"Tunakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Liko ndani ya duara?"

"Liko ndani, Jenerali."

"Una hakika?"

"Nimeshatazama."

Akaniamini, akalala begani kwangu njia nzima, na mimi sikujitikisa hata bega lilipokufa ganzi, nilikuwa na raha kiasi hicho. Aliamka tunaingia stesheni, akatazama saa. "Mke wangu, mbona hapa ni mbali?" Nikasema hata mimi nashangaa, mtu wa tiketi aliniambia ni mwendo wa saa moja na nusu. Hapakuwa na mtu wa tiketi. Yeye akacheka tu, akasema, "Basi tunywe chai turudi na treni ijayo," na treni ijayo tukaiacha iende kwa sababu nilimwomba tupande kiboti cha kukanyaga kwa miguu, dakika ishirini tu, tafadhali, miezi sita haitimii mara mbili.

Simu yake ikalia tukiwa katikati ya maji. Zoezi la dharura, kila mtu afike getini ndani ya saa mbili. Sijawahi kumwona mtu akikanyaga vile. Akampigia rafiki yake, fundi wa redio, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wanaofika, akamwambia, "Ndugu yangu, niko mbali, nitachelewa, waambie hivyo hivyo." Sauti ya yule ikanifikia hata mimi: "Wewe njoo. Mengine niachie." Tulipofika zoezi lilikuwa limekwisha. Jenerali akamuuliza amewaambiaje wakubwa, naye akajibu, "Nimeshashughulikia, nenda kalale." Jumatatu iliyofuata mume wangu akaondoka na luteni wao kwenda mazoezini porini, na hatarudi mpaka Jumanne ijayo.

Juzi fundi wa redio akabisha hodi kwangu, amebeba boksi.

"Shemeji, wewe unaijua posta ya hapa. Nitumie hili kwa mama mtoto."

"Si unakwenda mwenyewe likizo Jumapili?"

"Siendi."

Ndani ya boksi mlikuwa na magauni manne, kofia ya kufuma, na soksi ambazo mimi zinaniingia kidole gumba tu. Binti yake ana miezi mitatu na hajamwona ila kwenye simu. Nikamkalisha, nikamfungulia maziwa, ikabidi aeleze. Siku ile aliandika kwamba mume wangu amefika. Sajini akahesabu, majina arobaini, vichwa thelathini na tisa.

"Akaniuliza nani hayupo. Nikasema afande, labda nimekosea kuandika, sikumbuki. Akasema, basi likizo yako imefutwa mpaka utakapokumbuka."

"Na hujakumbuka?"

"Shemeji, mimi na kumbukumbu wapi na wapi?" Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Ijumaa nafasi yake kwenye ndege inapewa mtu mwingine, na zamu yake ya likizo hairudi mpaka miezi saba. Nikamwambia nitamweleza mume wangu. Akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Thubutu! Jina lake liko kwenye orodha ya ukoplo. Akisikia tu atakimbilia kwa wakubwa kujitaja, namjua yule. Niapie."

Nikaapa. Akasimama mlangoni akatikisa kichwa, akasema, "Na yule mtu wa tiketi naye, aliwaponza vibaya." Kumbe Jenerali alimsimulia. Mshauri, nilifunga mlango nikakaa sakafuni.

Mume wangu hunipigia kila siku saa kumi na mbili jioni, dakika tano tu kwa sababu wanapanga foleni kwenye simu moja. Jana aliniuliza mbona sauti yangu ndogo, nikasema mafua. Nikimwambia, nitakuwa nimevunja kiapo, atajua mke wake anamdanganya huku akimtazama machoni, ukoplo utaota mbawa, na mke wa mpishi ameniambia kwenye chumba cha kufulia kwamba askari mwenye kosa hunyang'anywa nyumba na mkewe hurudishwa kwao. Nisipomwambia, yule mtoto atakutana na baba yake akiwa ameshaanza kutambaa, na atamkimbia kama mgeni. Nimewaza niende mwenyewe kwa sajini nikaseme ni mimi. Nimewaza nimngoje Jenerali arudi Jumanne. Nimewaza nitume boksi na ninyamaze, maana hata fundi mwenyewe ndivyo anavyotaka. Nifanyeje, nami nampenda mume wangu hata barua hii naiandika nimevaa shati lake?

Ni mimi, bibi harusi wa ugenini.

MSHAURI ANAJIBU

Bibi harusi, nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyotaka. Nimemwomba mhariri akutumie jibu hili leo kwa simu, kwa sababu ukilisubiri gazetini Ijumaa itakuwa imepita.

Nianze na raha, kwa kuwa naona utakuja kudhani furaha ndiyo iliyokuponza. Hapana. Mtu na mumewe kubisha hodi kwenye milango isiyo na nyumba si kosa, na wapo walioolewa miaka ishirini ambao hawajawahi kufika hata mwisho wa mtaa wao pamoja. Endelea kuwa hivyo. Ila usichanganye mapenzi na kumfanyia mtu uamuzi wake. Yeye alikuuliza swali la kazi mara mbili, ukamjibu jibu la mapenzi mara mbili. Angejua ukweli, pengine angesema, "Twende hivyo hivyo, liwalo na liwe," na lingekuwa lake. Wewe ukampakia treni amelala.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ya saa tatu kasoro, na bado imefika mwisho. Tena walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe janga lako umemlisha mtu ambaye hata hakwenda ziwani.

Sasa sikiliza. Usiende kwa sajini. Jeshi halikukuajiri wewe, na ukienda utamfanya mumeo aonekane mtu anayesemewa na mkewe. Usimngoje Jumanne, ndege ni Jumapili. Na usitume lile boksi. Ukilituma utakuwa umeshaamua kwamba baba mtu haendi, nawe huna haki ya kuliamua hilo pia.

Kiapo? Yule bwana alikuapisha akiamini wewe ni msafiri mwenzake aliyeponzwa na mtu wa tiketi. Angejua mtu wa tiketi ndiye aliyempa maziwa, angeapisha mwingine. Kwa hiyo leo mchana, kabla ya lolote, mwite. Mwambie mambo mawili: "Shemeji, ni mimi niliyedanganya, na jioni hii namwambia mume wangu." Hii si ruhusa unaomba, ni taarifa. Akifoka, mwache afoke, anayo haki. Moyo wake ni mkubwa, lakini mwambie nami namgombeza: kitabu cha majina si mahali pa kumwonyesha rafiki upendo. Kwa hilo huenda wakamwadhibu hata akishakumbuka, na mimi siwezi kukuahidi kwamba atapanda ndege. Ninachojua ni kwamba sajini aliacha mlango wazi kwa neno moja tu, "mpaka," na mwenye kuuingia mlango huo ni mumeo, ambaye luteni wake yuko naye huko huko porini. Anaweza kusema kesho asubuhi.

Na mumeo naye nisimwache. Mtu mzima akiambiwa "nimeshashughulikia" huuliza umeshughulikiaje. Yeye akaenda kulala. Alikuwa amechoka, sawa, lakini wiki nzima imepita.

Kuhusu ukoplo, huenda ukachelewa mwaka. Utauma. Lakini rafiki yake anamjua, na wewe unajifanya humjui: alikwambia waziwazi kwamba akisikia atakwenda kujitaja. Huyo ndiye mwanaume uliyeolewa naye. Ukimficha ili apate utepe, siku utakayomshonea begani utakuwa unashona siri, na siku atakapoijua, ataung'oa mwenyewe. Kuhusu kunyang'anywa nyumba, maneno ya chumba cha kufulia si amri ya jeshi. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Hata yakiwa kweli, utarudi kwenu ukiwa mke wa mtu anayekujua vizuri, na hiyo ni nyumba pia.

Ataumia. Si kwa sababu ya ziwa, ni kwa sababu ya yule mtu wa tiketi uliyemzulia. Huenda akanyamaza siku mbili tatu. Usimfuate na jumbe kumi za mioyo mekundu. Mwache akasirike kwa nafasi yake, kisha akirudi umkute na chakula na umweleze tena, ana kwa ana, bila kujipunguzia hata dakika kumi za safari.

Leo saa kumi na mbili, foleni ikimfikia, pokea simu ukiwa umesimama. Usianze na "mpenzi wangu unajua ninavyokupenda," anajua. Sema: "Niliona kwenye simu kwamba ni safari ya saa tatu. Nilikudanganya. Rafiki yako alikuandika umefika, likizo yake imefutwa, na Ijumaa nafasi yake inakwenda kwa mwingine." Ni sentensi tatu, hazimalizi hata dakika moja. Dakika nne zilizobaki ni zake, akitaka kuuliza, akitaka kufoka, akitaka kukaa kimya. Na usilie kabla hajakata simu, kwa maana akikusikia unalia ataanza kukubembeleza wewe, na wa nyuma yake kwenye foleni atakuwa ameshanyoosha mkono.