Turubai ya Monsieur

Stanleyville, tarehe 9 mwezi wa ine 1957

Yaya Delphine,

Miye niko muzima, lakini hii karavani ya Monsieur itaniua. Ni kanyumba ka magurudumu, tunakakokota na motokari. Pembeni iko na turubai: unazungusha mukono wa chuma, inatoka, halafu unasimamisha miguu mbili. Wiki mbili sasa nazungusha! Nikienda mbio inakwama, nikienda polepole Monsieur analalamika: "Alors, Timothée?"

Juzi nilishusha muguu moja, mvua ipate kuteremuka, sawa vile nafanyaka kwa matanga yote ya ukoo wetu. Akakasirika, eti inyooke kama meza. Bon, nikainyoosha. Mvua ikanyesha, turubai ikajaa tumbo, maji yote ikamwagikia Monsieur na kahawa yake. Kosa ya nani? Ya Timothée!

Siku barua yako juu ya papa, baba yetu, ilifika, niliomba ruhusa. Akasema nijue kwanza turubai, ndipo niende kwetu Isangi.

Leo nimejua. Naifungua peke yangu, hata nikifunga macho.

Uniambie tu, yaya: kwa matanga ya papa, nani alisimamisha turubai?

Mudogo wako,
Timothée