Mama Mdogo Amekuja na Jina Lako

Mama,

Shikamoo. Hukupenda kuletewa habari za kukutia wasiwasi, lakini hakuna mwingine ninayeweza kumwambia haya. Nikimaliza kuandika nitaitia barua hii jikoni iungue.

Mama mdogo Nakunda amefika. Ulimwita mpaka sauti ikakukauka: "Nileteeni mdogo wangu. Nimwone tu." Nasi tulikujibu kwamba yuko njiani, huku tukijua mpaka wa nchi umefungwa. Kutoka kwake Taveta, ng'ambo ya mpaka, hadi hapa Kwakoa, njia tuliyozoea kwendea arusi na misiba, sasa ukikamatwa unafungwa. Kaka Mbonea hakuvumilia. Aliazima mtumbwi kule Jipe akavuka ziwa kumfuata. Kesho yake ukakata roho. Tulikuzika bila wao.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa mama mdogo alipotokea nyuma ya zizi asubuhi, peke yake, kanga imelowa mpaka kifuani, miguu imechanwachanwa na matete. Alipoona wanawake wamekaa chini uani, hakuuliza. Alikaa nao.

Baadaye akanieleza. Wakiwa katikati ya matete walisikia mgambo wakiitana. Mbonea akamteremsha, akamwambia, "Fuata walikopita ng'ombe, mama mdogo. Usigeuke." Kisha akaugeuza mtumbwi, akipiga kafi kwa kishindo ili wamfuate yeye. Mama mdogo akasikia mlio mmoja mkubwa. Hajui kama ulikuwa wa bunduki.

Mwanao hajarudi, Mama. Hata mtumbwi haujaonekana. Ninaomba asiwe huko kwako.

Halafu akaja mgeni kutoka wilayani kwa pikipiki, akiongozana na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Msami. Unajua tangu tulipohamishiwa kijijini nyumba zimepangwa mstari. Mtu hana pa kujificha. Mgeni akamkuta mama mdogo anachambua kunde.

"Huyu bibi ni nani?"

"Ni mama yangu," nikasema.

Hapo sikusema uongo. Mama mdogo ni mama. Lakini akataka jina, nami nikataja lako: Namsifu.

Mzee Msami ndiye aliyekufukia kwa mikono yake. Alinitazama, akatazama chini, kisha akasema taratibu, "Ndiyo. Mama Mbonea huyo. Alikuwa mgonjwa sana."

"Na Mbonea mwenyewe?"

"Yuko kwenye mkonge, anatafuta kazi," nikajibu.

Yule mgeni alitabasamu. "Basi nitarudi nimsalimie."

Sasa kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kimenyamaza. Kisimani wananiuliza, "Mama hajambo?" nami sijui yupi ananilinda na yupi ananijaribu. Juzi mke wa jirani alirudia swali hilo mara mbili, akicheka. Kila pikipiki ikinguruma barabarani mama mdogo huacha alichoshika. Mwanzoni alikuwa akilia akiitwa Namsifu. Siku hizi anaitika upesi, kama jina lake mwenyewe, na hilo linanitisha kuliko kilio.

Mama, jana nilikwenda kaburini nikaung'oa msalaba wako. Nikasawazisha udongo kwa viganja, nikapanda maboga juu yake. Mtu ambaye yuko uani anachambua kunde hawezi kuwa na kaburi. Nilitaka kusema sala, ila kulikuwa na watoto wakichunga mbuzi karibu, nikaogopa kuonekana nimepiga magoti. Nilijifanya napalilia. Nililia huku napalilia.

Sitakuja tena huko kwa sasa, nisije nikaacha alama ya njia kwenye majani. Kwaheri, mama yangu. Msalaba nimeuficha darini. Siku Mbonea atakapoingia hapa kwa miguu yake, au siku mpaka utakapofunguliwa, nitausimamisha mchana kweupe, watu wote wakiwapo, nikurudishie jina lako.

Mpaka siku hiyo, Mama, wakikuuliza, wewe hujafa.

Mwanao,
Naetwe