Kamba ya Shemeji

Jumamosi, jioni

Manyoya yameota! Pale mgongoni ambapo mbwa wetu Moshi alibaki na ngozi tupu kama kichwa changu, leo nimeshika manyoya. Kichwa changu bado.

Mwanzoni niliharibu. Daktari wa mifugo alisema ngozi ni kavu tu, ndiyo maana anajikuna hadi vidonda, nimpake mafuta kidogo. Mimi nikampaka mawese, tena yale ya kupikia, na Moshi akaenda kulala kwenye vitambaa vyeupe vya kochi. Mke wangu, Mama Diane, alipoona ile rangi ya chungwa alimpigia simu kaka yake anayekaa Kinanira: "Kuja na kamba. Hii imbwa ihame."

Tangu hapo nimekuwa nikimwogesha kwa maji ya mubirizi, yale majani machungu, nikamnyima mabaki ya mchuzi wenye pilipili, nikamtandikia mkeka safi. Nilikuwa na hofu kweli. Asubuhi nani angenisindikiza hadi barabarani...

Leo, baada ya wiki kadhaa, shemeji amepata nafasi, amefika kwetu Ngagara na kamba yake. Akamtazama Moshi, akauliza, "Ile ya vidonda iko wapi?"

"Ni hii hii," Mama Diane akajibu kwa fahari, utadhani ndiye aliyenuka mubirizi siku zote hizi. "Tumeiponyesha."

"Basi niichukue?"

"Apana! Uchukue nini? Leta iyo kamba."

Mama Diane akaifunga kutoka dirishani hadi kwenye mpapai, kisha akanigeukia.

"Papa Diane, unacheka nini? Leta mukeka wa imbwa tuanike."

Nimeuleta mbio, kifua mbele.