Sahihi Tisa Kwenye Kadi ya Tina

KITUO CHA POLISI, MALANG
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Titiek Murtiningsih
Umri: Miaka 66
Kazi: Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, darasa la kwanza, miaka thelathini na mmoja
Makazi: Dinoyo, Malang
Tarehe na saa: Alhamisi, 14 Desemba 2023, saa 3:20 asubuhi
Anayeandika: Sajini Bagas Prihandoko

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimemjibu Sajini kwamba nimekuja hapa kwa sababu ya uongo wa mtu mwingine. Mtu huyo ni Yustina Lenggu, miaka 34, tunayemwita Tina, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayesimamiwa na mume wangu. Nimesikia kwamba juzi alikiri hapa kituoni kuwa ameghushi sahihi tisa za mume wangu. Hakughushi hata moja. Nimekuja kumkosoa.

Mume wangu ni Profesa Wiryawan Hadisuseno, miaka 69. Tina ni mwalimu katika chuo kidogo cha kilimo kisiwani Rote, na hapa Malang anasoma kwa ufadhili. Mfuko unaomlipa una sharti moja. Kila mwezi aonane na msimamizi wake, wajadiliane kuhusu utafiti, kisha msimamizi atie sahihi kwenye kadi ya njano. Mwezi usio na sahihi hauna posho. Kadi hiyo ndiyo iliyo mezani kwa Sajini sasa.

Mnamo tarehe 11 Februari 2023, saa 12:40 asubuhi, mume wangu alikuwa uani akimlisha njiwa wake. Nilisikia kopo likianguka. Nilimkuta amekaa chini, mdomo umekwenda upande, punje zimemjaa mapajani. Kilikuwa kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa. Alirudi nyumbani baada ya siku kumi na saba akiwa amebakiwa na neno moja tu, nalo ni "Bado." Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimuuliza kama dirisha lifungwe, bado. Alichokubali alikinyamazia. Lakini alielewa kila kitu, maana nilipokosea jina la mjukuu alinikunjia uso.

Mnamo tarehe 4 Machi, saa 4 asubuhi, Tina alikuja kumwona, ameleta sukari ya mvumo, mti wa jamii ya mnazi unaoota kwao. Aliketi kando ya kitanda, hajui mikono aiweke wapi. Nilimsikia akisema, "Profesa, nimekuja kuaga. Wenzangu wanasema nibadilishe msimamizi, na kubadilisha kunachukua muhula mzima. Muhula huo posho inasimama, na muda wangu wa ufadhili umebaki mwaka mmoja. Bora nirudi Rote."

Mume wangu akasema, "Bado."

Tina alidhani ni lile neno lake tu. Mimi nimeishi naye miaka arobaini na mmoja. Nikamwambia, "Tina, unayo ile sura ya tatu? Itoe. Soma."

Akasoma. Kila alipofika mahali pasipomridhisha mume wangu, alisikia "Bado." Alirudi nyuma, akaeleza upya, akafuta mstari, akasoma tena. Mume wangu aliponyamaza, tulijua pamepita. Kurasa tatu zilichukua saa tatu. Utafiti wenyewe unahusu fukusi wanaokula mtama ghalani, na mimi sikuelewa hata robo. Ila mtu anayesahihisha kazi namjua nikimwona, nami nilikuwa namwona.

Saa 7 mchana Tina alifunga karatasi zake. Kadi ilikuwa mkobani na alikuwa anaona haya kuitoa, kwa hiyo niliitoa mimi. Nilimuuliza mume wangu, "Baba Ratri, tuandike?" Akanyamaza. Nilimwekea kalamu katikati ya vidole vya mkono wa kulia, nikaufunika kwa mkono wangu, tukaandika. Ndivyo nilivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza maisha yangu yote. Mkono ulikuwa wake, nguvu ilikuwa yangu.

Tina alisema, "Mama, si tutapata matatizo?" Nikamjibu, "Wewe shughulika na fukusi wako. Kalamu niachie mimi." Naomba Sajini aliandike hilo kama lilivyo.

Mnamo tarehe 9 Machi niliiandikia ofisi ya masomo ya uzamivu kwamba Profesa anapumzika nyumbani na anaendelea kusimamia. Sikuandika kwamba ana neno moja. Hapo nilikosea, na nilijua ninakosea. Niliogopa wangemwondolea Tina, naye Tina ndiye aliyemfanya mume wangu akubali kunyolewa ndevu asubuhi.

Kuanzia hapo Tina alikuja kila Jumatano na kila Jumamosi. Kadi inamtaka aje mara moja kwa mwezi. Alijaza rafu yangu ya jikoni chupa za mtama wenye wadudu. Siku moja mwezi wa Juni niliishika moja ili nipike uji, naye akapiga kelele kutoka chumbani, "Mama! Usipike! Hao wana namba!" Mume wangu alicheka, kicheko cha upande mmoja, mara ya kwanza tangu Februari. Aprili hadi Oktoba tulitia sahihi kwa namna ileile. Pamoja na ya Machi, zikawa nane.

Mnamo tarehe 18 Novemba, saa 5:15 asubuhi, Tina alisoma hitimisho. Alilisoma mara nne. Mara ya nne hatukusikia kitu. Nilichukua kalamu kama kawaida, na mume wangu akanyoosha mkono wa kushoto. Nilimpa. Alianza kuandika mwenyewe. Herufi ya kwanza ilitoka nje ya mstari, ya pili ikaingia kwenye nafasi ya Oktoba. Nilipotaka kumshika alisema "Bado" kwa ukali, ule ukali aliokuwa nao zamani. Ilimchukua kama dakika nne. Hiyo ni sahihi ya tisa. Nilikwenda jikoni nikalia, na sioni aibu kulisema.

Jana, Jumatano tarehe 13 Desemba, Tina hakuja. Mume wangu alitazama mlango hadi saa 5. Nilipiga simu mara sita bila kupokewa, nikaenda chuoni. Karani wa ofisi, Bwana Kuncoro, alinieleza kwamba sahihi ya tisa ilimshtua ilivyopinda, akazitazama zile za nyuma, akashtuka zaidi, akaipeleka kadi polisi. Aliniambia, "Mama, sahihi ya Profesa naijua miaka ishirini, haijawahi kusomeka. Hizi nane mtu anaweza kuzibandika ukutani." Simlaumu. Mume wangu siku zote ameandika kama kuku aliyepita kwenye unga, na mimi sijui kuandika vibaya. Hicho ndicho kilichotuponza. Ni Bwana Kuncoro aliyeniambia pia kwamba Tina ameitwa polisi na amekiri.

Saa 8:30 mchana nilimkuta Tina chumbani kwake anafunga mizigo, chupa zake, alizozichukua kwangu hitimisho lilipokwisha, anazizungushia kanga. Nilimuuliza, "Nani kakufundisha uongo?"

Alisema, "Mama, mimi wakinifukuza nitarudi kufundisha chuoni kwetu, maisha yataendelea. Profesa wakimvunjia heshima kwa ajili yangu, atabaki na nini?"

Nikamwambia, "Atabaki na mimi. Kwani mimi ni kabati?"

Alicheka, kisha akalia, nami nikakaa naye kitandani mpaka akanyamaza. Nilimkataza kufunga mizigo. Sijui kama amenitii.

Sahihi ya kwanza hadi ya nane nimeziongoza mimi. Kama ni kosa, liandikwe kwa jina langu. Ile ya tisa, ambayo Sajini ameniambia ndiyo iliyoghushiwa vibaya kuliko zote, ni ya mume wangu peke yake, bila mkono wa mtu. Naomba isifutwe. Wapo wanafunzi wanaosimamiwa dakika tano kwenye korido na kadi zao zimejaa. Huyu mtoto amesimamiwa kila neno. Akinyimwa shahada yake, mume wangu naye atakuwa amenyimwa kazi ya mwisho aliyoifanya.

Nililotenda na nililoliona nimelisema lote. Nimesomewa maandishi haya, nimemsahihisha Sajini mahali pawili, na sasa yako sawa.

(Sahihi) Titiek Murtiningsih

MAELEZO YA AFISA

Shahidi alikuja mwenyewe, hakuitwa. Sahihi yake hapo juu inafanana kwa unadhifu na zile nane.

Siku hiyohiyo saa 8:10 mchana nilifika nyumbani kwa Profesa. Yustina Lenggu, aliye nje kwa dhamana, alikuwepo, na chupa zake zimerudi kwenye rafu ya jikoni. Nilimwonyesha Profesa kadi. Aliweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye sahihi ya tisa na hakukiondoa. Nilimuuliza kama ni yeye aliyemsimamia mwanafunzi huyu miezi yote tisa. Alinyamaza, akinitazama.

Napendekeza shauri lirudishwe chuoni bila mashtaka, pamoja na maelezo haya.

Nilimwambia Profesa kwamba kwa kuwa kazi ya usimamizi imekwisha, nitaichukua kadi. Alisema, "Bado."

Mwanafunzi alitoa karatasi zake, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Shahidi aliniletea kiti. Niliondoka saa 10:45.

(Sahihi) Sajini B. Prihandoko